Chuma cha Upande wa Kushoto

Kamina, Jumapili, baada ya ibada

Mama Ilunga, Ngoie wangu,

Usinicheke. Unajua nikishika kalamu naingia katika Kiswahili cha kanisa, na weye ulikuwa unaniuliza kama naandika ao nahubiri. Vumilia tu. Kile cha nyumbani kitatoka chenyewe nikichoka, na kuchoka nimeanza nako tangu asubuhi.

Nimeketi jikoni. Mchanga uko mlangoni ndani ya burueti la gurudumu moja, simenti iko kavu kwenye karai, sijaitia maji. Nina kazi ndogo moja ya kumaliza leo, ingawa ni Jumapili na mchungaji akiniona ataninunia. Lakini kabla sijaifanya nataka nikueleze mambo yalivyokwenda, maana mwanzo wake ni weye, na humu ndani hakuna mwingine wa kumweleza. Mama yako yuko nyuma ya pazia anachambua majani ya sombe kwa mkono mmoja. Namsikia. Hatuongei. Ndivyo tulivyo.

Nianze na nyumba. Kila kitu bado kiko kushoto. Komeo la mlango, msumari wa taulo, mahali pa ndoo, ndoano ya taa, vyote nilivifunga kushoto mwaka tuliohamia, kwa sababu weye ulikuwa wa mashoto na ulikataa kuzungukazunguka katika nyumba yako mwenyewe. Minyi wa kuume nikajifunza kufungua mlango kwa kushoto. Hata sasa nikienda kwa watu natafuta komeo upande usio wake. Ilunga alipokuja kwa matanga alitaka kulihamisha lile la mlango wa mbele, akasema, Papa, linasumbua bantu. Nilimfokea mbele ya wageni wote. Maskini mtoto, hakujua alichokosea, na minyi mwenyewe sikuweza kumweleza. Alirudi Kolwezi kwenye kazi yake akiwa bado ananitazama kwa wasiwasi. Anapiga simu kila mara kuuliza kama nakula.

Nakula. Si vizuri, lakini nakula.

Kamba zako za kupimia nazo ziko kwenye msumari wake. Kazi bila weye ni nusu kazi, Ngoie, niseme ukweli. Unakumbuka tulivyoanza kwa Papa Monga, yule wa reli aliyekatwa miguu na behewa. Ndugu zake waliniita nimjengee ukuta wa uwanja. Weye ulileta chakula changu cha mchana, ukamkuta anatoka chooni kwa mikono, viganja vimelowa, akajifanya anatafuta kitu chini ili usimwonee huruma. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo uliposema, "Ukuta njo nini? Ule muntu anaomba choo." Kesho yake ukaenda na kamba.

Tangu hapo ikawa kazi yetu. Tulipanua milango ili kinga ya mikono, ile baiskeli ya watu wasiotembea, iweze kupita. Tulivunja vizingiti. Tulijenga kiti cha matofali juu ya shimo na mfuniko wa mbao, tukafunga ukutani mabomba ya zamani ya maji yawe ya kushika. Jikoni tuliitoa chini mbabula ya makaa, tukaipandisha juu ya meza ya simenti, mtu apike ameketi na moto wake usimchome usoni. Minyi mikono, weye macho. Ulimpima kila mmoja kwa kamba yake: fundo la kwanza kimo cha kiti, fundo la pili mahali mkono unaposhika chuma, fundo la tatu meza ya jiko. Upande hukuufunga kwenye kamba. Upande uliniambia kwa mdomo, nikiwa nachanganya simenti: huyu mkono wake mzima ni wa kuume, huyu anaegemea kushoto. Nilikusikia kwa sikio moja, na kazi ikatoka sawa.

Wanawake hasa ndio uliowapima weye. Juzi mmoja alikuja kwenye kinga yake kutoka upande wa kituo cha treni, anataka jiko. Naona haya kumwambia mke wa mtu anyooshe mkono nimpime kwapa. Nikamwambia arudi na dada yake. Hajarudi.

Sasa mama yako.

Watu wa nje hawaielewi buko. Unamkumbuka Mama Eyenga, jirani yetu, mke wa sajini, wale wa jimbo la Ekwateri waliohama kambini wakapanga hapa ng'ambo ya barabara. Siku moja alinikuta sokoni nimejibanza nyuma ya magunia ya muhogo nangoja mama yako apite. Nikamweleza kwamba kwetu Baluba mama mkwe anaheshimiwa kwa mbali: humtazami usoni, humpi mkono, huli naye, hutamki jina lake, na pale anapooga hata kivuli chako kisifike. Akapiga makofi kwa mshangao. "Likambo nini hii? Mama ya bibi yako njo mama yako." Na weye ulikuwa mbaya kuliko yeye. Ulimsimulia kila mtu jinsi nilivyogeuza kinga yangu ya miguu ghafla kumkwepa mama yako njiani, nikaingia mferejini na mfuko mzima wa simenti, mvua ikaanza palepale. Mfuko ukageuka jiwe. Ukaniamuru nilibebe hadi nyumbani, nikaliweka uani, na ukawa unalikalia kila ukifua nguo. Wageni wakiuliza jiwe gani lina umbo la mfuko, unaanza hadithi upya, na minyi natoka nje.

Mama yako alipopooza kule Bukama ukamleta kwa treni. Ukampa chumba cha nyuma chenye mlango wake wa kutokea uani, ukatundika pazia. Nikawa namjua kwa kikohozi chake na harufu ya mafuta anayojipaka. Weye ulimbeba mgongoni hadi choo cha zamani kule nyuma ya mipapai. Ukiwa sokoni, alitambaa. Ukarudi siku moja ukamkuta njiani, kitenge kina tope, na jioni ile hukula. Ukasema, "Weye unajengeaka bantu ba inje. Mama yangu anatambaa." Kesho yake ulimpima, ukafunga kitambaa chekundu kwenye kamba yake, ukaitundika pamoja na zingine. Tukasema tutajenga mvua zikiisha. Mvua hazijaisha, ukaugua.

Pale hospitali, ulipokuwa huwezi tena kuinua kichwa, uliomba kitu kimoja tu. "Usiache mama atambae." Nikasema sitaacha. Siku ile nilikuwa nasema ndiyo kwa kila kitu, ungeniomba nijenge reli ningekubali. Lakini hilo nililisikia vizuri. Ndilo neno lako la mwisho lililokuwa na maana, yale mengine yalikuwa homa.

Matanga yalipoisha mjomba wako aliniita kando. Alisema kwa adabu, unamjua, hata akikutukana anakutukana kwa adabu. Alisema mwanamume aliyefiwa hawezi kukaa nyumba moja na mama ya marehemu mke wake, watu watasema maneno, kwa hiyo atarudi na dada yake Bukama. Namheshimu. Lakini choo chake nakijua. Kiko chini karibu na mto, unashuka kwa ngazi zilizochimbwa kwenye udongo, na mvua ikinyesha hata mwenye miguu mizima anashikilia majani. Nikamwomba aniachie muda nijenge. Mama akikataa, basi, aende. Akakubali shingo upande, akapanda treni peke yake.

Mama Eyenga akajitolea kuja asubuhi na jioni kumwosha na kumvalisha. Hakutaka chochote. Alisema weye ulikesha na mtoto wake mdogo wakati wa surua, na kwao jambo hilo halisahauliki.

Basi nikajenga. Nilijenga kama mtu anayefukuzwa, Ngoie. Mchana Mama Eyenga alimchukua mama yako kwake tusikutane, na minyi nikavunja, nikachimba, nikapandisha matofali. Choo cha nyuma ya mipapai nilikiacha, nikajenga kipya kando ya mlango wake. Njia yote ni simenti, haina hata kidato. Bafu na choo ni chumba kimoja, mlango mpana, pazia badala ya ubao ili asisumbuke kuvuta. Ndoo iko juu ya kibao, haihitaji kuinamia. Kamba yenye kitambaa chekundu iliniambia kimo cha kiti na kimo cha chuma. Upande haikuniambia, na haikunijia hata kidogo kwamba kuna cha kuuliza. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kushoto, kama ulivyokwenda miaka yote katika nyumba hii. Mama yako nilikuwa sijawahi kumtazama kiasi cha kujua mkono upi umekufa. Nikatoboa ukuta, nikafunga chuma, nikaning'inia nacho kwa uzito wangu wote. Hakikutikisika. Nikajisifu.

Siku za kwanza Mama Eyenga alikuwa anambeba mzimamzima, anamkalisha, anamwinua, kwa hiyo chuma hakuna aliyekishika. Na mama yako hakusema. Angesema nini? Amtume mtu aje kuniambia minyi mkwe habari za choo? Angekufa kwanza.

Halafu asubuhi moja Mama Eyenga alichelewa, na mama yako akaenda peke yake.

Nilikuwa hapa jikoni natafuta usawa wa meza. Nikasikia ndoo inaanguka, kisha mwili. Nikafika mlangoni mbio, na pale nikasimama. Pazia tu lilikuwa kati yetu. Hakulia. Nilimsikia anahema, na kucha zinakwaruza ile sakafu niliyoilainisha mwenyewe. Nikiingia nitamwona, na nikimwona vile, kwa aibu hatakaa tena chini ya bati langu. Nisipoingia, labda anakufa. Nikageuka nikakimbia kwa Mama Eyenga, mzee mzima na mvi zangu, kiatu kimoja mguuni, napiga kelele barabarani. Watu walidhani nimeibiwa.

Bado siku zingine nikiwa nafanya kazi naisikia ile sauti ya kucha. Nasimama, nangoja ipite, naendelea.

Mama Eyenga alimwinua, akamfuta, akamlaza. Kisha akatoka, kitenge kimelowa chote, akanichoma kifua kwa kidole. "Papa Ilunga, mukono ya kushoto njo ilikufa. Ile chuma ulifungia nani?"

Nilikuwa nimeshajua nilimfungia nani.

Mama yako hakuvunjika, nyonga tu ilivimba. Lakini kuanzia siku ile alikikataa chumba kile. Mama Eyenga akaniletea ujumbe kwamba anarudi Bukama kwa kaka yake, treni ya kwanza itakayopita, na kwamba nisione vibaya, nimefanya ya kufanya. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniumiza. Angenitukana ningelala.

Na juu ya hayo, mume wa Mama Eyenga akapata uhamisho. Wanajeshi hawana kwao. Walipakia magodoro na kuku wao kwenye kamiyo ya jeshi wakaenda. Aliniachia chikwanga mbili, mikate yao ya muhogo, na kunikumbatia mbele ya watu, jambo lisilofanyika huku, akasema niache ujinga wangu wa Kiluba niongee na yule mama. Nikasema ndiyo, ndiyo. Kamiyo ikaondoka na bado nilikuwa sijui nitaongea naye vipi.

Kina mama wa kanisa walianza kupokezana asubuhi. Wanamwosha, wanaimba wimbo mmoja, wanakwenda kwenye mashamba yao, na ni haki yao. Mchana hapakuwa na mtu. Treni yenyewe unaijua: inakuja leo, inakuja kesho, mashine imeharibika njiani. Mzigo wake ulikaa umefungwa karibu na mlango. Na mchana, Ngoie, nilimsikia anatambaa. Anapita mbele ya choo nilichomjengea, anakwenda kule kwa zamani nyuma ya mipapai. Ule mburuzo wa kitenge kwenye udongo. Nilikuwa nakaa hapahapa jikoni, mikono kichwani, najiambia treni ikija itakuwa nafuu kwa wote. Nilikuwa najidanganya. Ningempeleka kwenye ngazi za udongo, halafu weye ningekuambia nini?

Siku moja niliinuka tu. Sikuwa na ujasiri wowote, nilikuwa nimechoka kusikia. Nikachukua nyundo, patasi na ile kamba ya kitambaa chekundu, nikaingia bafuni, nikaanza kung'oa chuma cha kushoto. Nilipiga kwa hasira. Ncha ya juu ikalegea, simenti ikaanza kudondoka. Katikati ya zile kelele nikasikia mburuzo unakuja. Ukafika kwenye pazia, ukanyamaza. Niliacha kupiga. Nikageuza uso ukutani, kama tulivyofundishwa.

Jiwe lako la kufulia nilikuwa nimelisogeza pale nje ya mlango wakati wa ujenzi, linasaidia kukalia, kimo chake na kile kiti karibu ni kimoja. Nikamsikia anajivuta, anapumzika, anajivuta tena, hadi akakaa juu yake. Kamba nilikuwa nimeiangusha, ncha moja ndani, ncha nyingine nje ya pazia. Ikasogea. Kwanza nilidhani ni mjusi. Ikavutwa, ikakazwa, ikasubiri.

Ilinichukua muda kuelewa, kichwa changu ni kizito siku hizi. Halafu nikaikanyaga ncha yangu sakafuni, na yeye akaivuta juu, polepole, mpaka pale mkono wake ulipotaka, akaishikilia hapo. Sikumwona. Nakuapia sikumwona. Niliona kamba imenyooka na vidole vinne vimeshika ukingo wa pazia. Vilikuwa vidole vyako, vilevile, kidole kidogo kimepinda. Ila vilikuwa vya kuume.

Nikachukua kipande cha makaa nikaweka alama ukutani, upande wa kuume.

Hapo akasema. Miaka yote hiyo hatukuwahi kusemezana ana kwa ana, na sauti yake ilikuwa imekwaruza.

"Mukono wa kuume njo iko muzima."

Nikasema, "Ndiyo, Mama." Ndilo neno langu la kwanza kwake.

Kamba ikalegea. Nilidhani amemaliza, nikainama kuchukua patasi niendelee kung'oa.

"Ile ya kushoto usitoe," akasema. "Iko ya Ngoie."

Nilikaa chini, Mama Ilunga. Nilikaa kwenye vumbi la simenti na suruali ya kazi. Kumbe alijua. Alijua tangu siku alipokikosa akaanguka, pengine tangu siku alipokiona. Ndiye aliyekuzaa, ndiye aliyeona ule mkono wa kushoto ukimnyang'anya kijiko kabla hujatembea. Nilikuwa nafikiri anaondoka kwa sababu nimemwangusha. Labda ni kwa sababu kila akiingia mle anakuta chuma kimekaa kwa ajili yako na weye haupo. Sijui. Sitamwuliza. Nililia, na yeye nje akalia, pazia katikati, kila mmoja upande wake kwa heshima zote.

Kesho yake nilifunga chuma cha kuume pale penye alama. Nikakiacha kikauke vizuri, nikakiegemea, nikatoka uani kabisa ili ajaribu. Nilisimama nyuma ya nyumba natazama ukuta. Nikasikia pazia, nikasikia maji. Nikasubiri sauti ya kuanguka. Haikuja. Badala yake nikasikia ting, ting, ting, kitu kinagonga bomba. Alikuwa ameingia na kijiko. Kuniita hawezi, jina langu halitamki, basi alikuwa ananiambia amemaliza.

Ndivyo tunavyoishi sasa. Akigonga chuma najua naweza kupita uani. Nikiwa uani nagonga ndoo, naye anajua asitoke kwanza. Watu wa mtaa wanafikiri natengeneza mabati.

Treni ikapita. Niliisikia inapiga honi kituoni, naye aliisikia. Sikusogea. Mzigo wake ulikuwa palepale mlangoni. Nilipotoka jioni kuchota maji nikaona umefunguliwa, kitenge chake cha safari kimeanikwa kwenye waya. Mjomba wako nilimpigia simu. Kwa adabu akasema tutaona.

Jiko limekwisha pia. Meza niliisawazisha kwa fundo la tatu, na hilo fundo lilikuwa sahihi, kama kawaida yako. Kwenye simenti nimechomeka pete ya chuma, sufuria inakaa ndani yake haizunguki, maana anayesonga bukari kwa mkono mmoja hana wa kumshikia. Nimegawa jiko kwa pazia. Upande wake mbabula na unga na chumvi, vyote mkono wa kuume. Upande wangu kiti kimoja na hii ncha ya meza ninayoandikia.

Jana alisonga mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilisikia mwiko unagonga pembeni ya sufuria, unapumzika, unagonga tena, na anaguna, na kitu kikaanguka, na akasema neno la Kiluba ambalo sikujua kwamba analijua. Halafu sahani ikasukumwa chini ya pazia. Bukari ilikuwa na vidonge. Katikati unga ulikuwa mbichi kabisa. Nilikula yote, na weye unajua nilivyokuwa nakulalamikia kwa kidonge kimoja. Nikarudisha sahani tupu chini ya pazia. Alikaa nayo kidogo kabla ya kuisogeza.

Kimebaki hiki chuma chako. Ile ncha niliyoilegeza bado inacheza, na nimekwisha ahidi kutokitoa. Bomba ni tupu ndani. Nitaikunja barua hii, niisokomeze humo, kisha nirudishe ncha ukutani na kuiziba. Wa kuisoma ni weye peke yako.

Sina ahadi nyingi, nguvu zenyewe ni hizi unazozijua. Mama yako hatatambaa tena nikiwa hai. Jina lake sitalitamka. Yule mwanamke wa kituo nitamfuata mwenyewe na kamba, nitapita kwa mama mchungaji ampime, na safari hii nitauliza upande. Na komeo la mlango litabaki pale ulipolitaka, Ilunga akasirike asikasirike.

Naitia simenti maji sasa. Lala salama, wa mashoto wangu. Chuma chako ni hiki, kiko imara.

Shika.

Papa Ilunga